Julius Caesar: Mbabe wa Roma aliyekoseshwa raha na kipara

Ukifika Mikindani, mwendo mfupi tu kutoka Mtwara mjini, utaliona Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1895. Mfalme wao wakati huo aliitwa Kaiser, na cheo hicho kilitokana na jina la mtu mmoja: Julius Caesar wa Roma. Ndiye huyohuyo ambaye Mwalimu Nyerere alitafsiri kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare inayohusu kifo chake, ikatoka mwaka 1963.

Kuna maelezo ya kale yanayolihusisha jina Caesar na neno la Kilatini lenye maana ya nywele nyingi. Sasa cheki kituko: mwenye jina alikuwa na kipara, na kilimnyima raha kwelikweli.

Mtanashati tangu ujana

Caesar alizaliwa mwaka 100 kabla ya Kristo (KK), katika ukoo wenye jina kubwa. Baba yake alifariki yeye akiwa bado kijana. Alijipenda sana. Ndevu alinyoa kwa makini, nywele alikatwa vizuri, na hata za mwilini alizing'oa, jambo ambalo watu walimsema.

Majivuno nayo hayakumpungukia. Alipotekwa na maharamia baharini, walitaka talanta 20 ili wamwachie. Yeye akaona wamemdharau, akawaambia wadai 50. Zikalipwa. Alipoachiwa alikusanya meli, akawafuata, akawakamata na kuwaua.

Vita anashinda, nywele zinaondoka

Kuanzia mwaka 58 KK alipigana Gaul, eneo ambalo sehemu kubwa leo ni Ufaransa, na kuliteka lote. Mwaka 49 KK akageuza jeshi kuelekea Roma yenyewe na kuwashinda wapinzani wake wa kisiasa.

Lakini paji la uso lilizidi kupanda. Mwandishi Suetonius, aliyeandika maisha yake zaidi ya miaka 100 baadaye, anaeleza kwamba kipara kilimuuma Caesar kwa sababu mahasimu wake walikifanyia utani. Dawa yake? Alizichana nywele chache za utosini na kuzivuta mbele.

Hakuna aliyedanganyika. Katika gwaride la ushindi mwaka 46 KK, askari wake mwenyewe waliimba wimbo wa kumtania kwa kipara chake na tabia yake ya kutembea na wake za watu. Desturi iliwaruhusu siku hiyo, na Roma nzima ilisikia.

Taji la kuficha kichwa

Seneti ilimpa heshima nyingi, lakini moja aliipenda kuliko zote: ruhusa ya kuvaa taji la majani wakati wowote. Majenerali wengine walivaa taji hilo siku ya gwaride la ushindi. Caesar akawa nalo muda wote, na paji likafichika.

Tatizo ni kwamba Warumi walikuwa wamemfukuza mfalme wao wa mwisho zaidi ya miaka 400 nyuma, na hawakutaka mwingine. Mapema mwaka 44 KK Caesar akafanywa dikteta wa maisha. Taji la majani peke yake halikumuua, lakini kwa watu waliohofia kwamba anautaka ufalme, hiyo haikuwa picha ya kutuliza roho.

Machi 15 mwaka huo, maseneta walimzunguka na visu. Alipata majeraha 23. Alipoona hana pa kukimbilia, alivuta joho lake na kujifunika kichwa.

Angeishi leo je?

Mwaka 47 KK Caesar alishinda vita vya haraka huko Zela, mji ambao leo uko Uturuki. Ndiyo nchi hiyohiyo ambayo sasa wanaume wa mataifa mengi hupanda ndege kwenda kupandikiza nywele.

Upara wa aina yake kwa kawaida hutokana na urithi pamoja na homoni za kiume. Mwaka 1952, daktari Norman Orentreich wa New York alionyesha kuwa nywele za kisogoni zikihamishiwa mbele huendelea kuota, kwa sababu zinabaki na tabia ya kule zilikotoka.

Kwa hiyo kijana wa Mtwara anayetaka kutumia hela ya korosho kwenye kichwa chake ajue mambo matatu. Kwanza, daktari haongezi nywele, anazihamisha tu. Kisogo kikiwa chepesi, hakuna cha kuhamisha.

Pili, nywele za asili zilizobaki zinaweza kuendelea kudondoka. Ukipandikiza mapema sana unaweza kubaki na kisiwa cha nywele mbele na uwazi nyuma yake.

Tatu, nywele za kipilipili zina mizizi iliyopinda chini ya ngozi, hivyo zinahitaji daktari aliyezizoea. Mwenye ngozi inayoota makovu makubwa akishonwa au akijikata aseme mapema, kabla hajalipa hata senti.

Wamakonde wa pande zote mbili za Mto Ruvuma wana vinyago vya mapiko, na vingine hubandikwa nywele halisi za binadamu. Mchezaji hukivaa, ngoma ikiisha hukivua. Nywele za kupandikiza hazivuliwi namna hiyo. Kovu la kisogoni nalo linabaki.

Caesar alikuwa na fedha, jeshi na Seneti mkononi, lakini daktari wa kumsaidia hakuwepo. Kijana wa leo anaye. Kabla ya kulipa, ajiulize kama anafanya kwa ajili yake mwenyewe, au anakimbia utani wa wenzake kijiweni. Caesar aliukimbia mpaka akavaa taji, na bado wote walijua kilichokuwa chini yake.