Salman Al-Farisi (r.a.): Rafiki Asiyenyamaza

 

Mwezi huu marafiki huwa wengi. Kuna wa kufuturu nao, kuna wa kwenda nao tarawehe, na kuna wale wa kukushika mkono mlangoni mwa msikiti wakakupeleka maskani. Sasa rafiki wa kweli tutamjuaje? Hebu tumtazame sahaba ambaye jina lake twalijua tangu chuoni, Salman Al-Farisi (r.a.).

Salman alizaliwa Uajemi, upande wa Isfahan. Babake alikuwa mkubwa wa kijiji na alimpenda mno. Watu wake walikuwa wakiutukuza moto, na Salman alikuwa mmoja wa waliouchunga usizimike. Siku moja akapita penye kanisa, akasikia Wakristo wakisali, moyo wake ukavutika. Babake alipojua akamfunga miguu. Salman akatoroka mpaka Sham.

Huko akawatumikia wanavyuoni, mmoja baada ya mwengine. Kila mmoja akikaribia kufa alimwelekeza kwa mwengine, akafika Mosul, Nisibin na Ammuria. Wa mwisho akamweleza kuwa wakati wa Mtume umekaribia, naye atahamia nchi yenye mitende. Salman akawapa wasafiri mifugo yake yote wamfikishe Arabuni. Njiani wakamdhulumu, wakamuuza kama mtumwa. Basi akaingia Madina akiwa mali ya mtu.

Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina mwaka 622, Salman alimwendea, akaona alama alizoambiwa, akasilimu. Lakini bado alikuwa mtumwa. Vita vya Badr vikampita, na Uhud pia vikampita.

Mtume (s.a.w.) akamshauri aandikiane na bwana wake ajikomboe. Bei ilikuwa si mchezo: kupanda mitende 300 na kulipa wakia 40 za dhahabu. Mtumwa atazipata wapi? Mtume (s.a.w.) akawataka masahaba wamsaidie ndugu yao. Huyu akaleta miche 30, yule 20, mwengine 15, mwengine 10, kila mtu kwa uwezo wake. Wakamsaidia kuchimba mashimo, na Mtume (s.a.w.) akaipanda miche kwa mkono wake mwenyewe. Dhahabu nayo ikapatikana, Salman akawa huru.

Tazama, ndugu yangu. Hakuna hata mmoja aliyesema hana kitu kwa sababu hana miche yote 300. Aliyekuwa na 10 alileta 10. Nasi tunao wenzetu walioacha masomo kwa karo, na sisi twangoja mpaka tuwe matajiri ndipo tuwasaidie.

Mwaka 627 maadui walipoizingira Madina, ni Salman huyo huyo aliyetoa rai ya kuchimba handaki, kama walivyokuwa wakifanya kwao Uajemi. Ndugu waliyemkomboa akawa sababu ya wao kunusurika, kwa idhini ya Mwenyezi Mungu.

Mtume (s.a.w.) alimuunganisha Salman undugu na Abu Dardai (r.a.). Siku moja Salman alimtembelea, akamkuta mkewe hakujipamba, nguo zimechakaa. Alipouliza, akaambiwa kuwa nduguye huyo hana haja tena na dunia. Abu Dardai akaja, akamwandalia chakula, mwenyewe akasema amefunga. Salman akakataa kula mpaka wale pamoja, naye akala. (Hiyo ilikuwa saumu ya sunna, jamani, asije mtu akaitumia Ramadhan!) Usiku Abu Dardai akainuka kuswali, Salman akamwambia alale. Akainuka tena, akamrudisha tena. Ilipofika mwisho wa usiku Salman akamwamsha, wakaswali wote wawili. Kisha akamkumbusha kuwa Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani kwake wana haki, basi ampe kila mmoja haki yake. Abu Dardai akampelekea Mtume (s.a.w.) habari hiyo, naye akamsadikisha Salman.

Salman hakwenda kumsengenya mwenzake barazani. Alimwambia usoni, nyumbani kwake, akalala papo hapo, akaamka naye kuswali. Na Abu Dardai hakununa.

Baadaye Abu Dardai alikaa Sham na Salman akakaa Iraq. Abu Dardai akamwandikia aje kwenye ardhi takatifu. Salman akamjibu kuwa ardhi haimtakasi mtu, kinachomtakasa ni amali yake. Tena alikuwa amesikia mwenzake amepewa ukadhi, akamuonya ajihadhari asimwangamize mtu kwa hukumu. Tangu hapo Abu Dardai alikuwa akishahukumu, watu wakitoka, huwaita warudi wamweleze kesi yao upya. Nasaha ya rafiki ilivuka jangwa ikalinda haki za watu.

Salman alifanywa gavana wa Madain, na bado alisuka makuti ale jasho lake. Huko ndiko alikofia, na kaburi lake liko Salman Pak, karibu na Baghdad.

Ndugu msomaji, pengine yuko mwenzako unayemuona akipotea, kwa bangi, kwa kuacha swala, au kwa kumkosea mamake, nawe wanyamaza usije ukamuudhi. Leo baada ya futari nenda kwake. Ingia kwa salamu, kaa naye, mwambie kwa upole. Na ukijiwa wewe, usinune.

Mwenyezi Mungu atupe marafiki wa kutuvuta Peponi, na atujaalie nasi tuwe hivyo kwa wenzetu. Amin.