Bernardo O'Higgins na Jina la Baba Yake

Nimemchagua Bernardo O'Higgins, mkombozi wa Chile, kwa sababu ya jina lake.

Ni jina la Ireland. Kwa Kiairishi ni Ó hUiginn, na hiyo Ó yafanana na bin yetu, ila maana yake ni mjukuu au mzao. Ukoo huo wa Sligo ulisifika kwa washairi. Ambrosio, mzaliwa wa Sligo, alihamia Hispania, kisha Amerika ya Kusini, akapanda hadi kuwa Gavana wa Chile mwaka 1788 na Makamu wa Mfalme huko Peru mwaka 1796.

Lakini mwanawe Bernardo, aliyezaliwa nje ya ndoa mwaka 1778, aliitwa Riquelme, jina la mama. Alipelekwa kusoma Uingereza, akataabika kwa kukosa fedha, akimwandikia baba barua asijibiwe. Mliolala bweni mtanielewa.

Mwaka 1801 baba alifariki, akamwachia shamba la Las Canteras. Ndipo kijana akaanza kujiita O'Higgins. Akapigana na Hispania, dola ileile aliyoitumikia baba, na mwaka 1817 akawa mkuu wa nchi. Mwaka huohuo alifuta vyeo vya kikabaila, na baba yake alikuwa Markizi wa Osorno! Cheo alikitupa, jina akalishika.

Alijiuzulu mwaka 1823, akafia uhamishoni Lima mwaka 1842, mji uleule alimofia baba. Mwili wake ulirudishwa Chile mwaka 1869.