Origen: Kijana aliyeuza vitabu vyake, kisha akarudi darasani

Kama umelelewa katika nyumba ya sala na sasa uko chuoni, huenda umeshaonywa kuwa falsafa itakuharibu kichwa. Ukiingia darasani nako, wenzako wanakucheka: eti msomi mzima bado unaenda kanisani? Usidhani mambo haya yameanza na kizazi chako. Miaka 1,800 iliyopita, kijana mmoja wa Alexandria, Misri, alibanwa na pande hizo hizo mbili. Jina lake Origen.

Alizaliwa mwaka wa 185 hivi. Alexandria ilikuwa chini ya Roma, lakini lugha ya wasomi ilikuwa Kigiriki. Ukitaka kuitwa mtu aliyesoma, ulianza na mashairi ya Homer, ukapanda hadi kwa Plato. Babake, Leonides, alikuwa Mkristo, na hakuona shida kumpa mwanawe vyote viwili: masomo ya Kigiriki, na kila siku sehemu ya Maandiko ya kukariri.

Kisha mambo yakaharibika. Mwaka wa 202, Kaisari Septimius Severus akiwa madarakani, Wakristo walisakwa na Leonides akakatwa kichwa. Origen hakuwa amefika hata miaka 17. Alitaka kwenda kufa pamoja na babake, lakini mamake akamfichia nguo zote. Sasa utatoka uchi uende wapi? Akabaki nyumbani. Serikali ikatwaa mali yote, na mama mjane akaachwa na wavulana saba, Origen akiwa kifungua mimba.

Hapo ndipo elimu ya Kigiriki ilipomfaa. Alianza kufundisha lugha na fasihi, akapata riziki. Alipofika miaka 18, kanisa likamkabidhi kazi ya kufundisha waliotaka kubatizwa, na hiyo haikuwa kazi ya mchezo. Baadhi ya wanafunzi wake walikamatwa na kuuawa.

Akiwa katika moto huo, aliona fasihi ya Kigiriki haiendani tena na wito wake. Akaacha kuifundisha, akauza vitabu vyake vyote vya thamani. Mnunuzi alimlipa oboli nne kwa siku, na hizo hazikufika hata drakma moja, kwa sababu drakma ilikuwa oboli sita. Aliishi kwa hizo, akilala sakafuni na kutembea miguu mitupu.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, lakini sifa zake zilipoenea, walianza kumjia watu waliobobea katika falsafa, na maswali yao yalikuwa mazito. Utamjibuje mtu kama hujasoma alichosoma yeye? Basi Origen, ambaye tayari alikuwa mwalimu, akarudi kuketi darasani kwa mwalimu wa falsafa. Kumbe rafiki yake Heraclas alikuwa huko kwa miaka mitano! Heraclas huyo baadaye akawa askofu wa Alexandria.

Lawama zikaja kutoka kila upande. Wakristo wengine walinung'unika hadi ikabidi aandike barua ya kujitetea. Baadaye mwanafalsafa Porphyry naye akalalamika kuwa mtu aliyesoma elimu ya Kigiriki namna hiyo alikuwa ameipoteza kwa kuishi kama Mkristo.

Yeye aliendelea na kazi. Wasomi wa Alexandria walikuwa na ufundi wa kulinganisha nakala za Homer na kutia alama kwenye mistari waliyoitilia shaka. Origen akachukua alama hizo hizo akazitumia kwenye Agano la Kale. Katika kazi yake iitwayo Hexapla, alipanga safu sita kandokando: Kiebrania, Kiebrania kilichoandikwa kwa herufi za Kigiriki, na tafsiri nne za Kigiriki. Ukisoma, unaona papo hapo ni wapi zinatofautiana.

Alipokosana na askofu wake, alihamia Kaisaria, Palestina, miaka ya 230. Huko alikutana na kijana aitwaye Gregory, aliyekuwa njiani kwenda kusomea sheria. Gregory akaahirisha safari na kubaki kwa miaka kadhaa. Alifunzwa mantiki, jiometri, elimu ya nyota na maadili, na kusoma wanafalsafa karibu wote, isipokuwa waliokana kuwepo kwa Mungu. Baadaye Origen alimwandikia barua akimkumbusha Waisraeli waliotoka Misri na dhahabu ya wenyeji, ambayo ilitumika kupamba hema takatifu. Elimu ya Wagiriki, alisema, ni dhahabu ya namna hiyo. Lakini akamwonya pia: ni wachache wanaoitumia vizuri, na wengi huishia kujitengenezea sanamu.

Karibu mwaka wa 248 alimjibu Celsus, mwandishi aliyewadharau Wakristo kuwa ni watu wa kunasa wajinga. Celsus alikuwa amekufa zamani, lakini Origen alimjibu hoja kwa hoja katika vitabu vinane, akinakili maneno yake kwanza. Leo kitabu cha Celsus kimepotea, na tunakijua hasa kupitia kwa huyu mpinzani wake!

Mwaka wa 250, chini ya Kaisari Decius, mzee Origen alifungwa minyororo na kuteswa. Hakuikana imani yake. Aliachiliwa akiwa amedhoofika, na akafa akikaribia miaka 70. Takriban miaka 300 baadaye, mtaguso wa Constantinople wa mwaka wa 553 ulimweka katika orodha ya wazushi, na maandishi yake mengi ya Kigiriki yakapotea.

Kwa hivyo, ukiambiwa uchague moja kati ya imani na masomo, usikimbilie kuuza vitabu. Soma, pima, kisha ujiulize: dhahabu hii niliyobeba naenda kuijengea nini?