Plimsoll: Mwanasiasa aliyeziwekea meli mstari wa kuokoa roho za mabaharia

KILA meli kubwa ya mizigo inayotia nanga katika bandari ya Kilindini, Mombasa, huwa na alama ubavuni: duara lililokatwa katikati na mstari mlalo, na kando yake ngazi ya mistari mifupi yenye herufi. Mtu aliyesimama gatini huhitaji kutupa jicho mara moja tu. Maji yakiwa chini ya mstari unaohusika, meli imebeba shehena inayokubalika. Yakiufunika, imelemewa.

Alama hiyo, isiyohitaji mashine wala hesabu kwa anayeitazama, inafungamana na jina la Samuel Plimsoll, mbunge wa Uingereza aliyefariki mwaka wa 1898 baada ya kutumia sehemu kubwa ya maisha yake kupigania watu ambao hakuwahi kufanya kazi yao.

Plimsoll alizaliwa mjini Bristol mnamo Februari 10, 1824, katika familia kubwa isiyokuwa na mali. Aliacha shule mapema, akaajiriwa kuwa karani katika kiwanda cha pombe mjini Sheffield na hatimaye akapanda cheo hadi kuwa meneja.

Mnamo 1853 alihamia London kwa nia ya kufanya biashara ya makaa ya mawe. Biashara hiyo ilifilisika na kumwacha hana hanani. Kwa muda aliishi katika nyumba za malazi ya bei rahisi pamoja na vibarua na maskini wa jiji, akijikimu kwa shilingi saba na ushei kwa juma. Hapo ndipo alipojionea jinsi mafukara walivyosaidiana katika dhiki, na funzo hilo halikumtoka hata aliporejea kwenye biashara ya makaa na kupata utajiri.

Mwaka wa 1868 alichaguliwa kuwa mbunge wa Derby kwa tiketi ya chama cha Liberal. Muda si mrefu alikuwa ameikumbatia kadhia ya mabaharia, kadhia ambayo mwenye meli mmoja wa kaskazini mashariki mwa Uingereza, James Hall, alikuwa tayari akiipigia kelele.

Hali ya mabaharia wakati huo ilikuwa ya kutisha. Baadhi ya wenye meli walijaza shehena kupita kiasi katika vyombo vikuukuu vilivyooza mbao na kulika vyuma, kisha wakavikatia bima ya fedha nyingi kuliko thamani yake. Chombo kikifika salama, tajiri alipata faida ya nauli. Kikizama, alilipwa na bima. Aliyepoteza kwa vyovyote vile ni baharia na wanawe. Umma ulizipa meli hizo jina la majeneza.

Isitoshe, sheria ilikuwa upande wa tajiri. Baharia aliyekwisha kutia saini mkataba na kisha akakataa kusafiri baada ya kuiona meli yenyewe, angeweza kutiwa gerezani. Wengi walilazimika kuchagua kati ya jela na bahari.

Wazo la kuiwekea meli alama halikuwa geni. Katika karne za kati, Venice ilikuwa na kanuni za kuonyesha kina ambacho chombo kiliruhusiwa kuzama. Nchini Uingereza, tangu 1835 kulikuwa na kanuni ya inchi tatu za ubavu juu ya maji kwa kila futi moja ya kina cha ngama. Lakini hiyo ilikuwa hesabu ya vitabuni. Baharia aliyekuwa akipanda melini hakuwa na namna ya kuikagua, na msimamizi wa bandari hakuwa na cha kumwonyesha nahodha mkaidi.

Mnamo 1873 Plimsoll alichapisha kitabu kuhusu mateso ya mabaharia. Kilizua mtafaruku nchini kote. Baadhi ya wenye meli walimshtaki mahakamani kwa kuwaharibia jina, na gharama za kesi zilimtafuna. Serikali nayo iliunda tume ya uchunguzi. Mwaka uliofuata mswada wake uliangushwa bungeni kwa kura tatu pekee.

Kilele cha mapambano hayo kilikuwa Julai 22, 1875. Waziri Mkuu Benjamin Disraeli alitangaza kwamba serikali ingeuweka kando mswada wake wa meli kwa sababu ya uhaba wa muda. Plimsoll alipandwa na hasira. Alisimama katikati ya ukumbi, akatikisa ngumi na kuwaita baadhi ya wabunge waovu. Alipotakiwa na Spika kuyaondoa maneno hayo, alikataa.

Juma moja baadaye aliomba radhi kwa utovu huo wa nidhamu, lakini cheche zilikuwa zimekwisha kurukia nyasi kavu. Mikutano ya hadhara ilifanyika mijini, magazeti yakaandika, na umma ukamuunga mkono. Mkewe, Eliza, alikuwa bega kwa bega naye katika harakati hizo. Kabla ya mwaka kwisha bunge lilikuwa limepitisha sheria ya muda, na mnamo 1876 sheria ya kudumu ikailazimisha meli kuwa na mstari wa shehena ubavuni.

Hata hivyo, ushindi huo ulikuwa na tundu kubwa. Sheria ilimlazimisha mwenye meli kuchora mstari, lakini ilimwachia yeye mwenyewe kuamua auchore wapi. Inasimuliwa kwamba nahodha mmoja wa Cardiff, kwa dharau, aliuchora kwenye dohani, juu kabisa ambako moshi hutokea. Alama ikawa ipo, lakini haikusema chochote.

Ilichukua miaka mingine 14 kuziba tundu hilo. Sheria ya 1890 iliweka mahali pa mstari chini ya kanuni rasmi zilizozingatia ukubwa na umbo la meli. Tangu hapo rangi iliyopakwa ubavuni ikawa na maana, kwa kuwa aliyepima hakuwa yule aliyefaidika na shehena. Mwaka wa 1906 sheria ilizihusu pia meli za kigeni zilizoingia bandari za Uingereza, kisha mikataba ya kimataifa ya 1930 na 1966, yote ya London, ikaueneza mstari huo duniani.

Kwa mujibu wa mkataba wa 1966, duara huwa na kipenyo cha milimita 300, na mstari unaolikata huwa na urefu wa milimita 450 na unene wa milimita 25. Alama hupakwa rangi nyeupe au manjano penye ubavu mweusi, au nyeusi penye ubavu mweupe, ili ionekane waziwazi.

Ngazi ya kando huonyesha kwamba bahari si moja. Herufi S ni kiwango cha kiangazi, W cha majira ya baridi, T cha bahari za ukanda wa joto na F cha maji yasiyo na chumvi. Meli huzama zaidi katika maji ya mto kuliko ya bahari kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito. Penye dhoruba kali za baridi huruhusiwa kubeba kidogo, na penye utulivu zaidi huongezewa.

Plimsoll hakupumzika baada ya 1876. Mnamo 1880 alimwachia kiti chake cha Derby William Harcourt, na baadaye akawa rais wa chama cha mabaharia. Alitetea pia ng'ombe waliosafirishwa kwa mateso baharini. Alifariki Folkestone mnamo Juni 3, 1898. Mwaka wa 1929 mabaharia walimjengea mnara kando ya mto Thames, London.

Tamaa mbele, mauti nyuma, wahenga walisema. Katika kivuko cha Mtongwe, Mombasa, feri iliyojaza abiria kupita kiasi ilizama Aprili 29, 1994, na watu 272 wakaangamia. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria na kuua zaidi ya watu 200, ilhali uwezo wake ulikuwa abiria 101. Mstari wa Plimsoll humwonyesha kila mwenye macho kwamba chombo kimelemewa. Kukizuia kisiondoke gatini ni kazi ya binadamu.