Benedicto Kiwanuka: Jaji Mkuu aliyenyimwa haki aliyowapa wengine

Kilima cha Naguru jijini Kampala leo ni mahali pa makao makuu ya polisi ya Uganda. Kwa wazee walioishi chini ya utawala wa Idi Amin, jina hilo lina kumbukumbu nyingine. Hapo ndipo kilipokuwa Kikosi cha Usalama wa Umma, kilichoundwa kwa madai ya kupambana na makondo, yaani majambazi wenye silaha, kikageuka kuwa chombo cha kuwakamata raia, kuwatesa na kuwaua. Aliyepelekwa Naguru, jamaa zake walibaki na kimbilio moja tu la kisheria: mahakama.

Aliyeiongoza mahakama hiyo, tangu Juni 1971, alikuwa Benedicto Kiwanuka, Mganda wa kwanza kushika wadhifa wa Jaji Mkuu.

Kiwanuka alizaliwa mwaka 1922 huko Buddu, katika eneo la Masaka. Alikuwa mwanajeshi wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kisha akafanya kazi katika Mahakama Kuu akiwa karani na mkalimani. Baadaye alisoma Basutoland, ambayo sasa ni Lesotho, na London, ambako alihitimu uwakili mwaka 1956. Miaka miwili baada ya hapo alichaguliwa kukiongoza chama cha Democratic Party, DP. Chama hicho kilishinda uchaguzi wa mwaka 1961, naye akawa Waziri Mkuu wa kwanza Machi 1962, Uganda ilipopata serikali ya ndani. Uchaguzi wa Aprili ulimwondoa madarakani, na uhuru wa Oktoba ukapokelewa na Milton Obote.

Alionja mwenyewe uchungu wa kizuizi. Serikali ya Obote ilimtia ndani mwaka 1969, na aliachiwa baada ya Amin kutwaa madaraka Januari 1971. Miezi michache baadaye, Amin huyo huyo alimkabidhi uongozi wa mahakama.

Lakini Kiwanuka hakuugeuza wadhifa huo kuwa deni la shukrani. Septemba 1972 lilifikishwa mbele yake ombi la raia mmoja wa Uingereza aliyekuwa akishikiliwa na wanajeshi bila mashtaka. Jaji Mkuu alitamka kwamba jeshi halikuwa na mamlaka ya kumkamata, akaamuru aachiliwe.

Tarehe 21 Septemba, watu wenye silaha waliingia Mahakama Kuu, wakamtoa ofisini mwake na kuondoka naye kwa gari. Inaelezwa kwamba alipelekwa katika gereza la kijeshi la Makindye. Hakufikishwa mbele ya hakimu yeyote, na jamaa zake hawakupata mwili wa kuzika.

Wakati huo, Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 lilikuwa tayari limekataza kumkamata mtu kiholela. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa ulikuwa umepitishwa mwaka 1966, ila haukuanza kutumika hadi 1976. Afrika yenyewe haikuwa na mkataba wake. Mwaka 1974, tume iliyoundwa na Amin mwenyewe, chini ya Jaji Mohamed Saied, iliorodhesha visa 308 vya watu waliotoweka, na kukitaja kikosi cha Naguru miongoni mwa wahusika wakuu. Mauaji hayakukoma.

Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu ulipitishwa mwaka 1981, ukaanza kutumika 1986. Uganda ilijiunga na ule wa kimataifa mwaka 1995, na katiba ya mwaka huo huo inataka mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Haki ya kuiomba mahakama iamuru mahabusu aletwe mbele yake haiwezi kusimamishwa hata wakati wa hali ya hatari.

Kila mwaka idara ya mahakama humkumbuka Kiwanuka kwa mhadhara unaobeba jina lake. Hata hivyo, heshima iliyo kubwa zaidi hutolewa pale mzazi anapofika mahakamani kumuulizia mwanawe aliyekamatwa, hakimu akaamuru aletwe, na wenye bunduki wakatii.