Hattie McDaniel

Hattie McDaniel (10 Juni 1893 – 26 Oktoba 1952) alikuwa mwigizaji wa filamu na jukwaani, mwimbaji na mchekeshaji kutoka nchini Marekani. Anajulikana zaidi kama Mmarekani Mweusi wa kwanza kushinda Tuzo ya Akademi (Oscar), aliyoipata mwaka 1940 kwa kuigiza kama Mammy katika filamu ya Gone with the Wind.

Maisha ya awali

McDaniel alizaliwa mjini Wichita, Kansas, akiwa mtoto wa mwisho wa familia kubwa. Wazazi wake wote wawili walizaliwa utumwani, na baba yake, Henry, alikuwa askari wa upande wa Kaskazini katika Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani. Alikulia Colorado, ambako alianza kuimba na kuigiza jukwaani pamoja na ndugu zake. Uchumi ulipoanguka mwaka 1929 alikosa kazi za jukwaani, akawa mhudumu wa choo katika klabu ya usiku karibu na Milwaukee. Baadaye alipewa nafasi ya kuimba hapohapo.

Kazi

Mwaka 1931 alihamia Los Angeles. Alionekana katika filamu nyingi, zikiwemo Judge Priest (1934) na Show Boat (1936), lakini karibu kila mara alipewa nafasi ya mtumishi wa ndani.

Gone with the Wind ilipozinduliwa mjini Atlanta mwezi Desemba 1939, hakuhudhuria kwa sababu ya ubaguzi wa rangi uliokuwa sheria katika jimbo la Georgia. Miezi michache baadaye, usiku aliopokea Oscar katika hoteli ya Ambassador mjini Los Angeles, aliketishwa kwenye meza ndogo ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake.

Viongozi wa chama cha NAACP walimlaumu kwa kukubali nafasi zilizowadhalilisha watu weusi. Yeye aliona kuwa ni afadhali kulipwa kwa kuigiza mtumishi kuliko kuwa mtumishi kweli. Mwaka 1945, yeye na majirani zake weusi walishinda kesi mahakamani dhidi ya wazungu waliotaka kuwaondoa katika nyumba zao za mtaa wa Sugar Hill. Kuanzia mwaka 1947 aliigiza mhusika mkuu wa kipindi cha redio cha Beulah.

Kifo na kumbukumbu

McDaniel alifariki kwa saratani ya matiti. Alitaka kuzikwa katika makaburi ya Hollywood, lakini yalikuwa hayapokei watu weusi, hivyo akazikwa Rosedale. Mnara wa kumbukumbu yake uliwekwa katika makaburi hayo ya Hollywood mwaka 1999. Tuzo yake, aliyoiachia Chuo Kikuu cha Howard, ilipotea; mwaka 2023 Akademi ilikikabidhi chuo hicho nyingine mahali pake.