Dakta Williamson na Jiwe Linalokata Metali

Katika somo lililopita uliweka misumari katika maji ya chumvi, ukaona jinsi ilivyoshika kutu. Damu yako pia ina chumvi. Basi fikiri juu ya mchimbaji wa dhahabu wa Geita aliyeangukiwa na mwamba akavunjika mfupa wa paja. Je, daktari anaweza kuuunga mfupa huo kwa msumari wa kawaida? La, utashika kutu na kumdhuru. Dhahabu yenyewe haishiki kutu, lakini ni laini mno, nayo itapindika. Kwa hiyo madaktari hutumia metali kama titani, au mchanganyiko wa kobalti na kromi. Mchanganyiko wa namna hii huitwa aloi. Mwili huvumilia metali hizi, nazo ni imara sana. Ugumu unabaki kwa fundi: atazikata na kuzisugua kwa kitu gani?

Kitu kimoja kinachofaa ni almasi. Mtu aliyeufanya mkoa wa Shinyanga ujulikane duniani kwa almasi ni John Williamson.

Williamson alizaliwa Kanada mwaka 1907. Kwanza alikusudia kuwa mwanasheria, lakini aliposafiri porini pamoja na wataalamu wa miamba aliacha sheria akasoma jiolojia katika McGill University mpaka akapata shahada ya udaktari. Elewa kwamba hakuwa daktari wa wagonjwa. Katika miaka ya 1930 alikuja Tanganyika, akafanya kazi katika mgodi mdogo wa almasi huko Mabuki, kusini ya Mwanza. Kampuni iliyomwajiri ilipokata tamaa na kuondoka, yeye alibaki.

Alikuwa na sababu. Almasi huumbika chini sana ardhini, zaidi ya kilometa 100, kutokana na kaboni iliyobanwa katika joto kali. Huletwa juu na mwamba uitwao kimbalaiti, ambao zamani za kale ulipenya ardhi kama moshi unavyopenya dohani. Mvua humomonyoa mwamba huo na kutawanya mawe yake mbali. Basi mtu akiona mawe machache yaliyotawanyika, ajue kwamba mwamba wenyewe upo mahali fulani. Williamson aliutafuta kwa miaka kadhaa. Aliugua malaria, fedha zilimwishia, na wakili mmoja wa Mwanza aitwaye Chopra akamsaidia. Mwaka 1940 mwamba ulipatikana Mwadui, kaskazini-mashariki ya mji wa Shinyanga. Eneo lake ni hekta 146, yaani karibu viwanja 200 vya mpira!

Wakati huo Vita Kuu ya Pili ilikuwa ikiendelea, na mitambo ilikuwa adimu. Hata hivyo Williamson na wafanyakazi wake walichimba, na baadaye mji mzima ukajengwa Mwadui, wenye shule na hospitali. Mwaka 1947 ilipatikana almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa gramu 11 hivi. Williamson alimpa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya arusi. Watu wengi hukumbuka jiwe hilo tu. Lakini kwa somo letu, zile almasi ndogo zenye dosari, ambazo hakuna bibi arusi angezitaka, zina maana zaidi.

Chukua msumari na jiwe jeupe la kwatzi, lile ambalo wachimbaji wa dhahabu hulijua sana. Ukwaruze msumari kwa jiwe hilo. Utaona alama, kwa maana kwatzi ni ngumu kuliko msumari. Almasi hukwaruza kwatzi, na hakuna jiwe la asili linaloishinda.

Almasi ina sifa nyingine pia. Fundi anapokereza titani kwa mashine, joto jingi hutokea, nalo hukaa penye ncha ya kifaa kwa sababu titani haipitishi joto vizuri. Kifaa huchakaa upesi. Lakini almasi hupitisha joto vizuri kuliko hata shaba, hivyo joto huondoka na ncha hubaki kali. Tena unga wa almasi husugua kichwa cha nyonga ya aloi ya kobalti mpaka king'ae kama kioo. Kisiponyooka hivyo, kitalila tundu lake kila mgonjwa apigapo hatua.

Williamson alifariki Mwadui mwaka 1958, akiwa na umri wa miaka 50, kwa ugonjwa wa saratani ya koo. Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 1954, wataalamu wa Marekani walikuwa wamefaulu kubana kaboni katika mashine mpaka ikawa almasi. Siku hizi almasi nyingi za viwandani hutengenezwa na watu. Ni ndogo, nyingine ni kama vumbi, lakini ni kaboni ileile iliyomo katika mawe ya Mwadui.